Kitu cha Barabarani Kiko na Mwenyewe?



Tunapoandika juu ya desturi zetu, tumezoea kuongea juu ya ndoa, mahari, kilio, ngoma na majina ya watoto. Hizo ni desturi kubwa, kila mtu anaziona. Leo nataka kuongea juu ya desturi moja ndogo yenye haina ngoma wala pombe, na njo maana inakufa bila mtu kuililia. Ni namna ya kutendea kitu chenye mtu anakikuta njiani, na mwenyewe haonekani.

Swali linaonekana jepesi. Unatembea mu mji, unakuta kitu kando ya barabara. Pengine ni motokari yenye haina tena magurudumu, pengine kitanda na sufuria vyenye vilitupwa nje ya nyumba, pengine furushi la mtu mwenye alikimbia. Ni cha nani? Wengine wanajibu mbio: «Cha barabara ni cha Leta.» Wengine wanasema: «Cha barabara ni cha mwenye kukiona wa kwanza.» Majibu hayo mawili yanaonekana kupigana, lakini ni mapacha. Yote mawili yanasema kwamba mwenyewe akitoka mbele ya macho, haki yake imetoka pamoja naye. Mimi nafikiri wazee wetu walikuwa na jibu la tatu, na mji wetu unalihitaji leo kuliko kijiji kilivyolihitaji jana.

Njia ya kijiji

Kwa babu yangu, ku milima ya juu ya ziwa, njia ilikuwa nyembamba. Watu wawili wakipishana, mabega yanagusana. Mtu akiona jembe ao kisu kimeanguka, harukii juu na kuendelea. Anakiinua, anakipachika ku tawi la mti, palepale karibu, kwa urefu wa macho, ili mwenyewe akirudi akione. Haendi nacho. Lakini kama ni kitu chenye mvua itaharibu, ao kama ni mbuzi amepotea, anapeleka kwa mzee wa kijiji. Jioni mzee anatuma kijana kuita kwa sauti: «Nani amepoteza mbuzi?» Anaita mbuzi tu, hasemi rangi, hasemi dume ao jike. Rangi anangoja kuisikia mu kinywa cha mwenyewe.

Kulikuwa tena na mambo ya kuni. Mama anakata kuni mingi kuliko nguvu za mgongo wake. Anabeba nusu, nusu ingine anaiacha kando ya njia, na juu yake anafunga fundo la majani. Kifungo kile hakikuwa kufuli. Mtoto wa miaka mitano angeweza kukifungua. Lakini kilikuwa kinasema: «Niko na mwenyewe, amekwenda kidogo, atarudi.» Na watu walikuwa wanakiitikia.

Nilipokuwa kijana nilimwuliza babu: «Na kama kitu ni cha mgeni, mwenye kupita tu, mwenye hatutamwona tena?» Nilifikiri nimemfunga. Akanijibu: «Ya mugeni njo ya kuogopa zaidi, mujukuu wangu. Ya jirani, jirani ataisemea. Ya mugeni haiko na wa kuisemea. Basi ni weye.»

Sitaki kudanganya wasomaji kwamba kijiji kilikuwa paradiso. Wezi walikuwako, na wenye kuficha walikuwako. Tena ilikuwa rahisi kidogo, maana watu walikuwa wachache na kila jembe lilijulikana kwa mpini wake. Lakini kanuni ilikuwako, na ilikuwa na matendo matatu: kuinua, kutangaza, kungoja. Chini ya matendo hayo kulikuwa fikira moja, yenye naiandika hapa kwa maneno yangu: kutoonekana kwa mwenyewe si kutokuwako kwake.

Neno lenye lilikula misitu

Mtu anaweza kusema: «Muzee, unatusumbua na mambo ya majembe na kuni.» Basi tuangalie jambo kubwa lenye lilitupata sisi Wakongomani, lenye lilianzia ku neno hilihili.

Mwaka 1885 Léopold II alipata inchi yetu. Tarehe 1/7/1885, hata serikali yake haijajenga kitu, mkubwa wake wa hapa alitia sahihi amri juu ya ardhi. Amri ile ilisema kwamba ardhi tupu, yenye haina mwenyewe, ni ya Serikali. Ukisoma mbio, unaona ni haki. Kitu bila mwenyewe, nani atakichunga kama si Serikali?

Lakini ni nani aliyesema kama ardhi ni tupu? Shamba lenye limelala miaka michache ili udongo urudishe nguvu halikuwa tupu, lilikuwa linapumzika. Pori lenye watu wanawinda, wanaokota uyoga, wanakata dawa na miti ya nyumba, halikuwa tupu. Lilikuwa na wenyewe wenye wamekwenda kidogo. Serikali ile haikuinua sauti kuuliza. Ilihesabu fasi zenye nyumba na mashamba yanayolimwa, na kubaki yote ikaita tupu. Kisha ikaja kazi ya mpira, na damu yenye ilimwangika juu ya mpira ule inajulikana mu dunia nzima. Mikono ilikatwa mu misitu yenye ilikuwa imekwisha kuitwa, ku karatasi, misitu isiyo na mtu.

Hata kisha uhuru fikira ile haikuondoka yote. Sheria ya tarehe 20/7/1973, kifungu cha 53, ilisema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi na hauozi kwa wakati. Siandiki hapa kuhukumu sheria ile. Naandika ili tukamate somo moja: «kiliachwa» si rangi ya kitu, kama vile jembe ni jeusi ao jeupe. Ni neno lenye watu wanakisemea. Na mwenye kuwa na nguvu ya kulisema, awe mtu mmoja, awe kampuni, awe Serikali, yeye njo anapaswa kuuliza mara mingi zaidi kabla ya kulisema. Maana akisema, hakuna mwingine wa kumsahihisha.

Mashini ya kushona

Sasa niongee juu ya yenye niliona kwa macho yangu.

Siku ya kazi ya ine, tarehe 17/1/2002, Nyiragongo ilipasuka. Moto ulishuka, ukapita katikati ya mji wa Goma, ukaingia mu ziwa. Sehemu kubwa ya katikati ya mji ikazikwa, hata kanisa kubwa la Katoliki. Sisi tulikuwa tunakaa Mapendo. Tulikimbia na watu maelfu na maelfu kuvuka Petite Barrière, kuelekea Gisenyi. Kila mtu alitoka na chenye aliona ni cha maana: godoro, mbuzi, redio, picha ya arusi. Na kila mtu, nguvu zilipopungua, alianza kuacha. Ile njia ilikuwa kama soko lenye halina muuzaji. 

Tulirudi kisha siku tatu. Nyumba yetu haikuwako tena, hata ukuta. Kulikuwa jiwe jeusi lenye moshi. Njiani tukakuta mashini ya kushona, Singer ya zamani ya mguu, imesimama kando ya barabara, na vumbi juu yake, kama mtu anangoja basi. Watu walikuwa wanapita. Mama yangu akasimama. Alikuwa mshonaji, na mashini yake ilikuwa chini ya lile jiwe.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita na njaa. Nikasema: «Mama, Mungu ametulipa.» Akaniangalia na macho yenye sijasahau. Akasema: «Mungu halipake na mali ya mwenzako.» Lakini hakuiacha vilevile. Akasema tukiiacha, usiku watu watatoa vyuma, mwenyewe akirudi atakuta mbao. Tukaomba chukudu kwa kijana mmoja, tukaipeleka fasi tulipopewa kulala.

Hapo njo mambo yalianza. Mama alikwenda kwa shefu wa avenue, akasema: «Nimeokota mashini, iandikwe.» Alikwenda kanisani, ikatangazwa kisha misa: mashini ya kushona imeonekana, mwenyewe aje. Hakusema Singer. Hakusema ya mguu. Zaidi ya yote hakusema kwamba chini ya ubao, fasi ya skuru moja, kulikuwa musumari uliopindwa. Mwanaume mmoja akaja, akasema yake ni nyeusi na maandiko ya dhahabu. Mama akamwambia: «Zote ni nyeusi, baba. Na chini yake kuko nini?» Akaondoka. Wa pili akakasirika, akasema mama ni mwizi. Mama akamkaribisha maji.

Lakini kuko jambo lenye lilileta mabishano mu jamaa yetu, na mpaka leo sijui kama tulilimaliza. Mama alishona na ile mashini. Watoto walikuwa wanarudi ku masomo, nguo nyeupe na bluu zilihitajika, na sisi hatukuwa na chakula. Mjomba alisema: «Unakula cha mwenyewe.» Mama akajibu: «Mashini yenye haishoni inakufa. Mafuta inakauka. Chuma ni yake, mikono ni yangu.» Mjomba akasema: «Kila mwizi anapata jibu.» Na mjomba hakuwa mjinga. Ni kweli, mwenye kushika kitu cha mwenzake anaanza na kukichunga, anaendelea na kukitumia, anamaliza na kusahau kama si chake. Njia ile inateremka polepole, huoni fasi ulipovuka mpaka.

Mama alipata namna ya kujifunga ili asiteremke. Alinunua daftari. Kila nguo aliyoshona aliiandika, na ku kila franka tatu alitia moja mu mukebe wa maziwa. Sisi tulilala njaa siku zingine, na mukebe uko pale juu ya dirisha, mzito. Siku moja niliushika. Akasema bila kugeuka: «Hiyo iko na mwenyewe.»

Mwenyewe alifika mwezi wa tisa. Alikuwa mama wa umri, alikuwa amekaa muda wote kwa ndugu zake ku Masisi. Hakusema nyeusi, hakusema Singer. Alisema: «Kama ni yangu, chini kuko musumari. Bwana yangu njo aliupiga, skuru ilipotea.» Mama yangu akainuka, akamwekea kiti. Akaleta mukebe na daftari. Yule mama aliangalia daftari, hakujua kusoma, lakini alielewa. Akalia. Akahesabu makuta, akagawa katikati, nusu akarudisha. Akasema: «Na weye ulikula jasho yako.»

Nimefikiri mara mingi juu ya siku ile. Siwezi kuapa kwamba mama alikuwa na haki ya kushona. Pengine mjomba alikuwa na haki. Lakini naona tofauti hii: mwizi anaficha hesabu, mchungaji anaandika hesabu. Daftari lile lilikuwa kifungo cha majani cha mjini. Kila usiku lilikuwa linasema: mwenyewe amekwenda kidogo.

Siku zilezile za 2002 ziliona jambo lingine, la uchungu. Tarehe 21 ya mwezi ule wa kwanza, watu waliingia ku kituo kimoja cha esansi katikati ya mji kuchota esansi yenye ilibaki. Chini bado kulikuwa moto. Kituo kikapasuka, na watu makumi na makumi wakafa. Sitaki mtu aseme ilikuwa azabu. Walikuwa watu wenye hawana nyumba, wenye kutafuta cha kuuza ili watoto wale. Nasema tu kwamba mji wenye hauna mtu wa kutangaza na kuchunga vitu vyake siku ya kukimbia, unaacha maskini wake peke yao mbele ya mlango wazi, kisha unawaita wezi.

Barabara nayo iko na mwenyewe

Mpaka hapa nimesemea mwenye kuacha. Sasa nisemee barabara, maana na yeye ana haki.

Ku avenue moja yenye nilikaa kisha, kulikuwa motokari ya mtu mmoja. Iliharibika, akaisukuma mpaka juu ya mfereji wa maji, akasema atatengeneza «kisha siku mbili». Ilikaa miaka mine. Kwanza walitoa magurudumu, kisha vioo, kisha viti. Majani yakaota ndani. Maji yakalala mu tairi moja lenye lilibaki, mbu wakazaa. Mvua kubwa ikija, mfereji umefungwa, maji yanaingia mu nyumba ya mjane wa ngambo ile. Tulipofanya salongo tulikuwa tunasafisha kushoto na kuume, fasi ya motokari tunaruka. Kila mtu aliuliza: «Ni ya nani?» Na kila mtu alijua ni ya nani. Mwenyewe alikuwa anapita pale kila asubuhi.

Hii njo kinyume cha mashini. Mashini ilikuwa na mwenyewe mwenye haonekani. Motokari ilikuwa na mwenyewe mwenye anaonekana lakini amekataa kuwa mwenyewe. Alitaka haki ya mali bila uzito wake. Siku watu wa komini walikuja kuivuta, njo alikimbia na karatasi mkononi, akapiga kelele: «Munaiba mali yangu!» Siku ile tulimkumbuka kwamba ni mali yake, na yeye alikumbuka.

Wazee wangesemaje? Kifungo cha majani juu ya kuni kilikuwa ahadi ya pande mbili. Wapita njia wanaahidi kutogusa. Mwenye kuni anaahidi kurudi, na kutoziba njia. Kuni zikioza pale na njia ikafungwa, hakuna mtu aliyemlaumu mwenye kuzisogeza. Barabara ni ya mjane mwenye nyumba yake inajaa maji, ni ya mtoto wa masomo, ni ya mama mwenye kubeba ndizi ku kichwa. Mwenye kuacha kitu juu yake amekopa fasi ya watu wote, na deni haliozi kwa sababu wadai ni wengi na kila mmoja ana haya.

Basi mji uko na haki ya kuondoa. Kwa nini basi moyo unauma tunapoona ukiondoa?

Kwa sababu ya namna. Gari linavutwa usiku, hakuna karatasi ku mlango. Linaingizwa ku kiwanja, amande inahesabiwa kila siku mpaka inapita bei ya gari lenyewe. Mwenyewe akija na makuta, anakuta betri haiko. Akiuliza nani ameitoa, hakuna aliyeona. Ao tena: mtu anafukuzwa mu nyumba ya kukodi. Tribinali imekata, sawa, deni ni deni. Watu wa kazi wanatoa vitanda, wanatoa nyungu, wanatoa masanduku, wanaweka ku barabara mbele ya macho ya watu, na wanaondoka. Kazi imekwisha kwao. Vitu vinalala mvuani. Kama majirani si watu wa kuchunga usiku, asubuhi kunabaki viatu visivyolingana na picha za watoto chini mu matope. Yule mtu alikuwa na deni ya miezi mitatu, na amelipishwa maisha yake nzima.

Hapo nauliza bila hasira: mji wenye kuokota bila kutangaza, bila kuandika, bila kungoja, unatofautiana na yule mwanaume wa kwanza aliyekuja kwa mama yangu kwa jambo gani? Kwa muhuri tu.

Inchi zingine zinafanya nini

Tusifikiri ni fikira ya kijiji tu. Paris iko na biro ya vitu vilivyopotea toka mwaka 1805, siku za Napoléon. Kule Japani, kitu kinapelekwa kwa polisi, na toka 2007 wakati wa kungoja mwenyewe ni miezi mitatu. Mwenyewe asipokuja, aliyeokota anaweza kukipata, kwa hiyo hana sababu ya kukificha.

Ubelgiji, yenye ilitutawala, iliandika sheria tarehe 30/12/1975, miaka kumi na tano kisha uhuru wetu. Sheria ile iliongea juu ya vitu vilivyookotwa nje ya viwanja vya watu, na pia juu ya vitu vyenye vinawekwa ku barabara siku ya kufukuza mtu mu nyumba. Ilisema komini lazima ivichunge miezi sita, mwenyewe apate wakati wa kuvikomboa. Vyenye kuoza mbio na vyenye kuleta ugonjwa viliondolewa ku hesabu hiyo. Angalieni, ndugu: wajukuu wa wale walioita misitu yetu tupu bila kuuliza, kwao walijifunza kuchunga kitanda cha mdeni nusu mwaka. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nasema ili mtu asituambie kwamba kungoja ni ukosefu wa maendeleo.

Na sheria yetu ya makosa inajua jambo hili. Mwenye kuokota kitu cha mwenzake na kukificha kwa nia mbaya, ni kosa. Sheria iko. Chenye kinakosa ni matendo matatu ya kijiji yaingizwe mu mwili wa mji.

Naona inaweza kuwa hivi. Kwanza kuinua: kitu chenye kinafunga njia kisogezwe, na kiwekwe fasi yenye iko na paa na mlinzi. Kuko kitu kimoja tu chenye mtu asiinue kamwe: chuma cha vita, kombora ao gruneti. Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, barabara zilijaa tena vitu vilivyoachwa, nguo za kiaskari, magari na vyombo vya kuua, na stoo za chakula ziliporwa. Vile vya kuua, mfundishe mtoto wako: usiguse, ita wakubwa.

Kisha kutangaza: karatasi ku motokari na ku mlango wa shefu wa avenue, neno ku redio za hapa, neno ku makanisa na misikiti. Tuseme kitu, tusiseme alama zake zote. Daftari liwe wazi, mtu yeyote aweze kuuliza: tarehe fulani mliokota nini?

Mwisho kungoja: wakati uliojulikana mbele, si wakati wenye mkubwa anaukata kwa macho ya mtu. Na ule wakati ukipita, kitu kiuzwe mchana mbele ya watu. Deni ya kukivuta itoke mu bei, na kenye kinabaki kiandikwe kwa jina la mwenyewe. Ndiyo, atakuwa amepoteza motokari. Lakini hatakuwa amepotezwa yeye.

Wengine watasema: «Hizo ni ndoto. Mji wetu hauna hata makuta ya taa.» Najibu kwamba shefu wa avenue aliyeandika mashini ya mama yangu hakuwa na mshahara. Alikuwa na kalamu ya mtoto wake na karatasi mbili. Alituandikia siku mji mzima ulikuwa bado unatoa moshi.

Viatu

Nilitaka kumaliza hapo, lakini ingekuwa uongo mdogo, maana ningewaacha muwaze kwamba mimi ni mtoto wa mama yangu kwa yote.

Siku ileile ya kurudi toka Gisenyi, mbele kidogo ya mashini, niliona viatu. Vilikuwa vya ngozi, vya kijana wa kimo changu, vimefungwa pamoja kwa kamba. Mtu alikuwa amevifunga vizuri ili visipotezane. Mimi nilikuwa na sandale moja. Mama alikuwa mbele, hakuona. Nikavitia ndani ya koti.

Sikuvitangaza. Nilimwambia mama kwamba rafiki amenipa. Nilivivaa masomoni mpaka vikaisha, na kila mara nilipovifunga niliona ile kamba. Mtu mwenye kutupa hafungi kamba hivyo. Ilikuwa kifungo cha majani, na mimi nilijua kukisoma, babu alikuwa amenifundisha.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Mwenyewe, kama yuko mzima, ni mwanaume wa umri wangu. Hawezi kukumbuka viatu. Nyumba nzima nzima zilikwenda siku ile, nani atalilia viatu? Lakini mimi njo niliyebaki navyo, hata kama ngozi imeoza zamani. Nimeelewa hivyo jambo lenye babu hakunieleza: kutangaza hakumsaidii mwenyewe peke yake. Kunamfungua pia mwenye kuokota. Mama yangu alirudisha mashini na alilala. Mimi sina wa kumrudishia, na kumuuliza kama angenisamehe siwezi.

Njo maana naandika. Kama uko mzee, fundisha wajukuu kifungo cha majani. Kama uko na kazi ku komini, fungua daftari. Kama umeacha kitu chako ku barabara, nenda kukitoa leo. Na kama wewe ni mtu wa kawaida tu, na kesho asubuhi unakuta kitu njiani na hakuna mtu, usiulize kwanza kama kuna mwenye kukuona. Uliza ni nani mwenye kwenda kidogo.